Kandambili Jozi Nane

Hatimaye hesabu za Falone, mhandisi wa mgodi, zilikubaliana na mwamba.

Kwa miezi mitatu, ofisini Kindu, modeli yake ya kompyuta ilikuwa ikipingana na vipimo vya handaki la mgodi wa Kama. Ukuta wa kushoto ulikuwa ukibonyea kupita kiasi. Hesabu zililingana tu alipochora uwazi nyuma yake, uwazi usiokuwa kwenye ramani: mwezi wa kwanza mita tisa kutoka ukutani, wa pili mita tano. Leo asubuhi, nusu mita.

Akampigia simu mzee msimamizi wa wachimbaji, aliyekuwa mlangoni mwa handaki.

"Papa, nyuma ya ukuta wa kushoto kuna nini?"

"Njo njia ya zamani, mama. Wakati wa vita askari waliiziba na mawe. Watu walibaki ndani."

"Toa wachimbaji sasa hivi."

Wachimbaji huingia pekupeku. Kandambili hubaki mlangoni, jozi moja kwa kila mtu aliye ndani. Mzee alipuliza filimbi. Kila aliyetoka akachukua zake.

"Saba... nane. Njo wote, mama."

Falone akashusha pumzi.

"Mama," mzee akanong'ona. "Kandambili zimeisha. Watu bado wanatoka."