Mkwe Aliyelia Mezani

Swadiki, askari mstaafu, alitoka Koboko akaja Arua bila kuamua kama atamwoza binti yake kwa yule mwalimu wa Ombaci. Mwalimu, akitaka kumfurahisha, akampeleka kwenye mkahawa mpya wa sushi mjini. Sahani ilipotua mezani, mzee akaamua.

"Samaki hii iko mbichi," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Wajapani nakula hivi."

Sokoni Koboko samaki mkavu hupikwa kwa karanga za kusaga. Hapa Arua, nyuma ya stendi, kuna mama anayekaanga samaki mpaka mifupa inatafunika. Mtu anayewapita wote hao, akaenda kumlisha mkwe kitu kisichoona moto, hawezi kukabidhiwa mtoto wa watu.

Alikusudia kukataa, ila kwa adabu akaona aonje kwanza. Akachagua kidonge cha kijani, alichodhani ni ovakado iliyopondwa, akakitia chote kinywani.

Kumbe ni wasabi, kiungo cha Kijapani kikali kama pilipili. Moto ukampanda puani hadi utosini. Machozi yakatiririka kwenye ndevu zake nyeupe, sauti ikakatika.

Mwalimu akamshika mkono, naye macho yamemlowa. "Usilie, Mzee. Mimi nitachunga yeye muzuri."

Kikohozi kikamtikisa Swadiki, kichwa kikawa kinapanda na kushuka.

Mwalimu akampigia binti simu. "Mzee nakubali," akasema. "Iko nalia kabisa."

Vigelegele vya mama mtu na mashangazi vikatoka kwenye simu, hata watu wa meza za jirani wakapiga makofi.

Sauti ilipomrudia, Swadiki aliomba maji tu.