Mama Yake Nyamizi

Mama aliyekufa katika sehemu ya kwanza, Machibya alimfufua kwa mdomo wake mwenyewe.

Wala haikuwa kazi kubwa. Katuni ilikuwa ya Kijapani, na katika banda la video la Zadok pale Igoma hakuna aliyejua Kijapani, mtafsiri mwenyewe akiwa wa kwanza. Machibya alikaa na maiki kando ya skrini, akayaacha maandishi madogo ya Kiingereza, asiyoyaelewa, yapite chini, akatazama midomo inavyocheza, akasema lililomjia. Binti mwenye upanga mweusi alimpa jina la Kisukuma, Nyamizi. Mashetani akayapa sauti za madalali wa samaki. Na mama yake Nyamizi alipoanguka, akafukiwa udongoni mvua ikinyesha, Machibya alisema, "Hapo wamemficha, jamani. Hajafa. Wamemficha mashetani wasimwone."

Sabina, mke wake, alikuwa ametoka kuzikwa Misungwi. Neno lile lingine, amekufa, lilimgomea kutoka.

Basi hadithi ikaenda hivyo, sehemu baada ya sehemu, na Igoma nzima ikawa inamsubiri mama atoke mafichoni. Machibya hakuwa anasubiri kitu. Alikuwa amekufa ganzi. Aliamka, akafanya kazi, akalala, na hakujua leo ni siku gani. Bandani alikuwa na maneno kwa sababu maiki ilikuwa mkononi. Nyumbani hakuwa nayo.

Huko alibaki na binti yake Gladness, wa kidato cha pili. Msibani mtoto yule hakulia mbele ya watu, na baadaye hakumtaja mama yake hata mara moja. Ila kila jioni alitenga ugali na dagaa, akakaa, akauliza swali lilelile.

"Baba, mama yake Nyamizi yuko wapi leo?"

Machibya angeanza polepole. Yuko pangoni. Kesho yake, amevuka maji, amefika kisiwani, anavua kwa mikono. Gladness aliuliza zaidi: analala wapi, nani anampikia? Naye alijibu na kujibu mpaka sahani ikawa tupu.

Alijua anachokifanya ni vibaya. Mtoto alikuwa ameshikilia mama wa kwenye skrini kwa kuwa wa kwake hayupo, na siku uongo ule ukikatika ataanguka nao. Machibya alijua hivyo kama mtu anavyojua kwamba mvua inanyesha nje. Hakuinuka kufanya lolote.

Halafu filamu ikatoka.

Zadok aliileta kwenye flashi Jumamosi mchana, akaandika ubaoni kwa chaki: NYAMIZI, FILAMU YENYEWE. MAMA ANARUDI.

"Nani kakwambia anarudi?" Machibya aliuliza.

"Si wewe? Mwaka mzima unatuambia!"

Banda lilijaa hadi watu wakakaa juu ya makreti ya soda. Gladness alikaa benchi la mbele, mahali pake pa siku zote. Filamu ilianza na moto, damu na farasi wasio na vichwa, picha kali mno, lakini watu hawakupiga kelele kama walivyozoea.

"Inakimbia sana," alilalamika Chenge, fundi wa kuchomelea mageti. "Ile ya vipande ilikuwa inatupa nafasi ya kupumua."

Kisha Nyamizi akafika kwenye mti mkavu, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa upanga. Machibya akakaza maiki. Udongo ukatoka, ukatoka, na skrini nzima ikajaa mifupa. Nyamizi akaikumbatia, akapiga ukunga ambao haukuhitaji mtafsiri.

Machibya alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alimtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliogopa.

"Mtafsiri!" Chenge alimwita. "Hiyo nini tena?"

Ndipo Gladness akasimama, akageukia watu.

"Siyo mama yake," alisema kwa sauti ya juu, akiiga kabisa madaha ya baba yake. "Mashetani wamefukia mifupa ya mbuzi hapo, wamvunje moyo. Mama kashavuka zamani!"

"Aaah!" banda zima likashusha pumzi. Mtu akapiga makofi.

Filamu ilipokwisha, Chenge alitoka akitikisa kichwa. "Haifikii ile ya vipande hata robo. Mtu unamsubiri mama mwaka mzima, wanakuja kukuonyesha mbuzi!"

Zadok aliwafuata nje kuwatuliza wateja wake. Bandani wakabaki wawili, baba na binti, wakipanga mabenchi. Machibya aliweka chini benchi alilokuwa amelishika. Sasa mtoto mwenyewe anaujenga uongo ule, tena mbele ya watu, na aliyemfundisha ni yeye. Kifua kilimuuma, na maumivu yale yalikuwa mageni kwake.

"Gladness, mwanangu. Hebu kaa."

Akakaa.

"Ile mifupa haikuwa ya mbuzi. Mama yake Nyamizi alikufa kule mwanzo kabisa. Mimi ndiye niliyesema hajafa. Nilikudanganya. Nisamehe."

Gladness alimfuta baba yake machozi shavuni kwa kiganja.

"Najua, baba. Maandishi ya Kiingereza pale chini yalisema amekufa siku ileile ya kwanza. Mimi nilikuwa nakuuliza ili ule."