Mapigo Mia na Arobaini

Aikande alikuwa akichambua mchele kikuku chake kilipolia: zamu yake ya kutembelea vyuo. Siku hizo hakuna aliyekanyaga chuo kabla ya kuandikishwa. Ulivaa nyumbani miwani iliyokutembeza vyuoni, kikuku kikihesabu mapigo yako, na chuo kilichoudundisha moyo wako zaidi ndicho ulichopangiwa.

Chuo cha ualimu kilimtuliza, akatabasamu. Kisha miwani ikamwingiza chumba cha maiti cha chuo cha udaktari.

“Mia na arobaini!” baba yake alishangilia, akisoma kikuku. “Mama Aikande, acha sufuria, tumepata daktari!”

Akamshika Aikande kidole ili akibonyeze kwenye kikuku kuthibitisha chuo hicho. Moyo wa Aikande ulikwenda mbio zaidi kuliko kule kwenye maiti.

“Baba, niache,” alisema, akiuvuta mkono. “Ilikuwa hofu. Mimi nataka ualimu.”