Njia Ukutani

Mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda mlimani Shemdoe alipochukua nyundo na kuanza kuubomoa ukuta wake mwenyewe. Katika mafuriko ya mwaka jana, Namsifu, binti wa jirani, aliugonga ukuta huo akitaka kuingia uani kwake, palipoinuka. Shemdoe alidhani ni wezi, akanyamaza. Maji yakamchukua binti. Tangu hapo, kila akipiga magoti kusali, Shemdoe husikia kugonga.

"Unabomoa nini, baba?" mama yake Namsifu aliuliza kutoka upande wa pili.

"Naweka njia, mama. Maji yakija, mtaa mzima upite."

"Na mlango wake utautia kufuli?"

"Halitakuwepo."

"Miaka kumi na mbili ya ujirani, leo ndiyo unaniita mama!"

Shemdoe aliomba kimoyomoyo, akapiga tena. Tofali la tatu likalegea.

"Taratibu hapo," yule mama alisema. "Hilo ni la mwanangu. Mwaka mzima nalikinga na mvua."

Shemdoe alilivuta, akaligeuza. Alama ya kiganja cha tope ilikuwa imekauka juu yake, vidole vitano vimeachana. Akalishika kwa mikono miwili, matone ya kwanza yakianguka, asijue pa kuliweka.