Mtafsiri Hanyamazi

Kila Jumapili mchana ilikuwa lazima kila nyumba iwashe filamu, na kila nyumba iliwekewa mtafsiri wake, sauti ya mtambo iliyosimulia kwa Kiswahili kila ilichokiona, wala haikuruhusiwa kunyamaza. Mwamvita alichagua diski ya filamu ya kale ya Ulaya, isiyo na rangi, yenye watu wapole wasiopiga kelele. Alitaka utulivu ili asikie mtu akigusa geti. Tangu juzi mdogo wake Shomari, anayetafutwa na serikali, alikuwa amejificha darini.

Hakufikiria kwamba utulivu huo ungemkosesha mtafsiri cha kusema.

“Mwanamke yuko dirishani,” mtafsiri alisema. “Bado yuko dirishani. Bado.” Dakika tatu zikapita, mwanamke hajageuka. “Basi tutazame huku. Mama amekaa kwenye kochi. Chai yake imepoa. Ameangalia juu mara mbili.”

“Mwamvita,” mumewe alinong’ona kando yake, “tazama mbele.”

“Baba anamwambia mama atazame mbele,” mtafsiri akasema kwa uchangamfu. “Mezani kuna sahani tatu. Nyumba hii imeandikishwa watu wawili.”

Mwamvita akaanza kuongea lolote lililomjia, mvua, mchele, harusi ya jirani, mradi tu aifunike ile sauti. Juu yao ubao wa dari ukalia.

Mtafsiri akanyamaza.

Tangu awekwe nyumbani mle hajawahi kunyamaza. Kwenye kioo cha runinga, mwanamke alikuwa bado dirishani. Mwamvita akaishiwa maneno, na hapo akaelewa kwamba mtafsiri anasikiliza.