Kitambaa cha Kiingereza

Kila Mwalimu Salome alipofunga kitambaa chekundu kichwani, ilikuwa saa ya Kiingereza, na hakuelewa Kiswahili hata neno moja. Ndivyo watoto wa darasa la kwanza walivyoamini.

Mwanaidi aliingia darasani akihema. Rafiki yake Zubeda alikuwa ametumbukia kwenye tangi la maji ya mvua, nyuma ya jiko la shule. Kwa Kiingereza, Mwanaidi alijua rangi, siku za wiki na paka.

“Utamwambia nini wewe?” Kassimu alimcheka. “Kavaa kitambaa, hakusikii huyo!”

Mwalimu aliinama, akatabasamu, akangoja. Mwanaidi alifungua mdomo, lakini tangi kwa Kiingereza hakulijua. Hakuna mtoto aliyewahi kumgusa mwalimu kichwani. Mwanaidi akaruka, akakivuta kitambaa.



“Zubeda yuko kwenye tangi!” alilia. “Mwalimu, anazama!”

Salome alitupa viatu akakimbia. Mwanaidi alimkuta mwalimu amelala kifudifudi ukingoni mwa tangi, mkono wote umezama majini, akiita, “Nishike, mwanangu! Nishike, mama!”

Maji yalikuwa meusi na yametulia. Kisha bega la mwalimu likavutwa chini.