Kona ya Chini ya Misonobari

Kunihiro aliinama kumfunga mikanda dereva mpya wa gari la mashindano, akaona sponji zilizoshindiliwa ubavuni mwa kiti. Kiti kile kilifinyangwa kufuata mgongo wake yeye, akakikalia miaka saba. Sasa mwembamba huyu anapwaya ndani yake kama kokwa kwenye debe.

Akaikaza mikanda kwa wivu. Siku mkewe alipokata roho, wakubwa wa timu walimzuia uwanjani awajaribie matairi. Leo wamemvua udereva, wakampa spana.

"Kaka, samahani," dereva akasema. "Ile kona ya chini ya misonobari, wewe ulikuwa unaipitaje?"

Kunihiro aliijua. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi maji huchuruzika pale kutoka mlimani, na mwenye kasi hayaoni mpaka gari limeshateleza. Na jana mvua ilikesha.

"Ipite bila kugusa breki," akajibu. "Au unaogopa?"

Dereva akacheka, akainamisha kichwa kwa heshima mpaka kofia yake ikagonga usukani.

"Asante, kaka. Wakubwa walinikataza nisikuulize. Eti una kijicho, utanidanganya. Nikawaambia hawakujui."

Akateremsha kioo cha kofia, na injini ikanguruma.